Arnold Rothstein: Mfalme wa kamari aliyeuawa kwa deni la karata

KATI ya watu wote waliowahi kutajirika kwa kamari, ni wachache walioichukia bahati kama Arnold Rothstein. Mmarekani huyu, aliyezaliwa na kufia jijini New York, alisifika kuwa mcheza kamari mkubwa kuliko wote wa zama zake, ilhali kamari yenyewe, ile ya kuweka fedha mezani na kungoja majaliwa, aliicheza kwa nadra mno. Kazi yake hasa ilikuwa kununua matokeo kabla mchezo haujaanza. Pale aliposhindwa kuyanunua, alinunua habari ambazo wenzake hawakuwa nazo. Aliuawa mwaka 1928 akiwa na umri wa miaka 46, kwa sababu ya deni la karata alilokataa kulilipa akidai kwamba safari hiyo matokeo yalikuwa yamenunuliwa na wengine.

Habari zake ni za kale na za mbali, lakini hazimpiti kando msomaji wa Kenya. Kamari nchini humu ilikuwa mambo ya kasino za Nairobi na Mombasa, zilizosimamiwa na sheria ya mwaka 1966, hadi ilipoingia katika simu za mkononi. Kijana wa mtaa wa Kanamkemer mjini Lodwar hahitaji tena kuvaa koti na tai ili apite mbele ya bawabu. Huweka dau lake kwa simu akiwa ameketi kivulini, na mwenzake wa Kakuma hufanya vivyo hivyo. Mechi anayoitabiri huchezwa katika nchi ambayo hajawahi kuiona. Anaamini kwamba wachezaji wote 22 uwanjani wanatafuta ushindi. Mnamo 2019 Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lilimfungia kwa miaka 10 beki wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, kwa kula njama na mpangaji matokeo kutoka Singapore. Biashara hiyo ya kupanga matokeo haikuanza jana, na aliyeipa utaratibu wa kisasa, wenye wakili, karani na benki nyuma yake, ni Rothstein.

Alizaliwa Januari 17, 1882, katika kitongoji cha Manhattan. Hakuwa mtoto wa kibandani, kama ilivyokuwa kwa wahalifu wengi waliomfuata. Baba yake, Abraham Rothstein, alikuwa mfanyabiashara wa Kiyahudi mwenye mali na mcha Mungu, aliyeheshimiwa kwa usuluhishi wa migogoro kiasi cha kuitwa Abe Mwenye Haki. Kaka mkubwa, Harry, alikuwa kipenzi cha nyumba na alijiandaa kuwa rabi. Arnold alikua akimwonea gere ndugu huyo. Shuleni alishindwa karibu kila somo isipokuwa hesabu, na alipofikisha miaka 16 akaacha masomo.

Husimuliwa kwamba katika ujana wake aligundua jambo moja kuhusu baba yake: siku ya Sabato mzee huyo hakubeba fedha wala saa yake ya dhahabu, kwa kuwa dini ilimkataza. Basi kijana akawa anaichukua saa hiyo, anaiweka rehani, anacheza kamari kwa fedha zile, kisha anaikomboa na kuirudisha kabla Sabato haijaisha. Kama kisa hicho ni cha kweli, kinaeleza mengi. Tangu mapema alifahamu kwamba uaminifu wa mtu mwingine ni aina fulani ya mtaji.

Alianza katika kumbi za biliadi na michezo ya dadu ya vichochoroni. Hakunywa pombe. Wakati wenzake walipolewa na kupoteza hesabu, yeye alikuwa macho, akiwakopesha kwa riba fedha za kuendelea kucheza, mara nyingi wapoteze kwake zile zile alizowakopesha. Mnamo 1909 alicheza biliadi na bingwa mmoja kutoka Philadelphia, Jack Conway, kwa zaidi ya saa 30 mfululizo bila kulala, akashinda. Jina lake likaenea Broadway usiku mmoja. Mwaka huo huo alimwoa mwigizaji Carolyn Green mjini Saratoga Springs, na inaelezwa kwamba hata fungate halijaisha alikuwa amekwisha kuomba vito vya mkewe aviweke rehani apate mtaji wa kamari. Baba yake, aliyekasirishwa na ndoa ya nje ya dini, alimhesabu kuwa amekufa.

Ili kuelewa jinsi alivyopanda, ni lazima kwanza ieleweke New York ya wakati huo. Nyumba za kamari zilikuwa kinyume cha sheria, lakini zilijaa kila mtaa. Hapakuwa na fumbo lolote. Kila nyumba ililipa. Fedha zilikusanywa na polisi, zikapanda hadi kwa wakubwa wa chama cha Democratic mjini humo, kundi lililojulikana kama Tammany Hall, na wakubwa hao ndio waliowapandisha vyeo polisi na kuwateua mahakimu. Kwa hiyo mchezaji aliyeibiwa mezani hakuwa na pa kushtaki. Afisa ambaye angepeleka malalamiko kwake alikuwa mshirika wa aliyemwibia. Hapo ndipo udanganyifu wa mezani na rushwa ya serikalini vilipokuwa kitu kimoja. Ule wa kwanza usingedumu wiki moja bila ya pili.

Rothstein alilelewa kisiasa na Tim Sullivan, mmoja wa vigogo wa Tammany Hall, na kwa kivuli chake akafungua nyumba ya kamari katika barabara ya West 46. Matajiri walifika pale kwa sababu walihakikishiwa kwamba hawatavamiwa na polisi.

Kisha likatokea tukio lililomfunza somo ambalo hakulisahau. Mnamo Julai 1912, mwenye nyumba ya kamari aitwaye Herman Rosenthal, akiwa amechoshwa na kukamuliwa, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba Luteni Charles Becker wa polisi alikuwa mbia wake na mnyonyaji wake. Usiku wa Julai 16 Rosenthal alipigwa risasi nje ya hoteli ya Metropole, katikati ya mji, taa zote zikiwaka. Becker alihukumiwa kifo na akauawa kwa kiti cha umeme mwaka 1915. Kwa wananchi wa kawaida kesi hiyo ilikuwa ushindi wa haki. Rothstein aliisoma vingine. Aliona kwamba nyumba ya kamari yenye anwani ni mtego, na kwamba kati ya mwanasiasa na mhalifu alihitajika mtu wa tatu, asiyevaa sare, asiyechaguliwa, ambaye fedha zingepitia kwake bila kuacha alama. Sullivan alipofariki mwaka 1913, nafasi hiyo ilikuwa wazi, na Rothstein akaikalia.

Akaanzisha michezo ya kuhamahama. Leo poka ilichezwa katika hoteli hii, kesho katika fleti ile, na wateja walipelekwa na mtumishi aliyewasubiri barabarani. Januari 1919 polisi walibisha mlango wa fleti mojawapo. Risasi zilifyatuliwa kutoka ndani na maafisa watatu wakajeruhiwa kidogo. Rothstein alikamatwa na kufikishwa mahakamani, lakini hakimu aliitupa kesi kwa kukosekana ushahidi wa nani alifyatua. Kioja ni kwamba aliyeishia kushtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo ni mkaguzi wa polisi aliyekuwa akiongoza vita dhidi ya kamari. Tangu siku hiyo kila mtu mjini alifahamu uzito wa mfuko wa Rothstein.

Mfuko huo ulikuwa wa kweli, si wa mafumbo. Alitembea na bunda la noti nene ajabu, na jioni nyingi aliketi kwenye meza yake katika mgahawa wa Lindy's, Broadway, akipokea watu kama chifu apokeavyo wenye shida barazani. Walimwita Ubongo. Alikopesha, alidhamini washtakiwa mahakamani, aliuza bima, alifadhili wezi na kununua walichoiba. Kila shughuli aliiandika kwenye vijitabu vyake vidogo. Tabia hiyo ya kuandika ndiyo baadaye iliyowaangamiza wengi.

Mwaka huo wa 1919 ndio uliolifanya jina lake lisisahaulike. Timu ya besiboli ya Chicago White Sox, iliyotazamiwa na wengi kushinda, ilikutana na Cincinnati Reds katika fainali za kitaifa. Wachezaji wa Chicago walikuwa na kinyongo na mmiliki wao, Charles Comiskey, waliyemwona bahili. Baadhi yao walikubaliana na wacheza kamari kwamba wangepoteza fainali hizo kwa makusudi. Mpiga mpira wao hodari, Eddie Cicotte, aliukuta mto wa kitanda chake umefichiwa dola 10,000. Katika mchezo wa kwanza alimgonga kwa mpira mpinzani wa kwanza kabisa, na hiyo ikaeleweka kuwa ishara kwamba mapatano yamekamilika. Cincinnati ilitwaa ubingwa kwa michezo mitano dhidi ya mitatu.

Je, Rothstein ndiye aliyelipa? Hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha. Inakubalika kwamba alifuatwa na kundi moja la wala njama, akalikataa waziwazi mbele ya watu. Wapo wanahistoria wengi wanaoshikilia kwamba alikataa mbele ya watu ili apate mashahidi, kisha akafadhili kundi la pili kwa siri. Bingwa wa zamani wa ndondi, Abe Attell, aliyekuwa akizunguka na Rothstein, alilitumia jina lake kuwashawishi wachezaji, na Rothstein akamtupia Attell lawama zote. Oktoba 1920 alisafiri hadi Chicago, akajitokeza kwa hiari mbele ya baraza la raia lililokuwa likichunguza kashfa hiyo, akalalamika kwamba jina lake linachafuliwa, na akatoka bila shtaka lolote. Huo ulikuwa mchezo wake bora kuliko wote, na haukuwa wa karata.

Wachezaji wanane hawakuwa na wakili wa namna hiyo. Cicotte na wenzake kadhaa walikuwa wamekiri, lakini nyaraka za maungamo yao zilipotea kimiujiza kabla ya kesi kusikizwa. Agosti 2, 1921, waliachiliwa huru. Siku iliyofuata kamishna mpya wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, akawafungia wote wanane maisha yao yote. Miongoni mwao alikuwemo Joe Jackson, mmoja wa wachezaji bora waliopata kutokea, ambaye alikufa mwaka 1951 akiwa bado amefungiwa. Adhabu hiyo iliondolewa Mei 2025, miaka zaidi ya 70 tangu azikwe. Nyaraka zilizopotea, nazo, zilionekana tena mwaka 1924 mikononi mwa mawakili wa Comiskey, pale Jackson alipomshtaki mwajiri wake wa zamani akidai mshahara.

Uchungu wa kashfa hiyo uko hapo. Walioadhibiwa ni vibarua. Aliyenufaika alirudi New York kwa treni na kuendelea na shughuli zake, na kwa miaka saba zaidi hakuna aliyemgusa.

Katika mashindano ya farasi alionyesha kwamba hata bila kumhonga mtu inawezekana kuiba bahati. Mwezi Agosti 1921, katika mbio za Travers Stakes mjini Saratoga, farasi wake Sporting Blood alitarajiwa kukutana na Prudery, farasi aliyependwa na wengi. Rothstein alikuwa amepenyezewa habari kwamba Prudery alikuwa mgonjwa. Asubuhi ya mbio, farasi bora zaidi wa mwaka huo, Grey Lag, aliandikishwa ghafla, na kwa hivyo nafasi ya Sporting Blood ikaonekana finyu na malipo ya atakayemwekea dau yakapanda. Mawakala wa Rothstein wakaweka fedha kimyakimya nchi nzima. Muda mfupi kabla ya kuanza, Grey Lag akaondolewa bila maelezo. Sporting Blood alishinda, na mwenyewe inakadiriwa alivuna zaidi ya dola 400,000. Hakuna aliyeshtakiwa, kwani mwenye farasi hakukatazwa kumwandikisha wala kumwondoa.

Pombe ilipopigwa marufuku Marekani mwaka 1920, Rothstein, ambaye hakuionja, aliwafadhili walioiingiza kwa magendo, na baadaye akaingia katika dawa za kulevya. Vijana waliopitia mikononi mwake, Lucky Luciano, Meyer Lansky na Frank Costello, walikuja kuwa viongozi wa uhalifu uliopangwa nchini Marekani kwa miongo kadhaa. Aliwafunza kuvaa kwa staha, kusema kwa sauti ya chini na kushirikiana na yeyote bila kujali kabila lake. Mwandishi F. Scott Fitzgerald alimchora kama Meyer Wolfsheim katika riwaya yake The Great Gatsby ya mwaka 1925, miaka mitatu kabla mwenyewe hajafa.

Hata hivyo, kufikia 1928 mambo yalikuwa yamemgeuka. Fedha zake nyingi alizifukia katika ardhi ya Queens, alikotarajia kujenga na kuuza nyumba, na ardhi haibadiliki kuwa noti usiku mmoja. Mkewe alikuwa ameachana naye. Jambo lililowashangaza waliomfahamu ni kwamba alianza kucheza kamari kweli kweli, kama mlevi aliyeionja chang'aa uzeeni, akikesha mezani na watu ambao zamani angewakopesha tu.

Ndivyo alivyojikuta, usiku wa Septemba 8, 1928, katika fleti moja karibu na makutano ya barabara ya Seventh Avenue na mtaa wa 54. Mchezo ulikuwa umeandaliwa na George McManus, mpanga kamari mwenye uhusiano mzuri na polisi. Mezani walikuwapo Nate Raymond, aliyetoka California, na Alvin Thomas, maarufu kwa jina la Titanic Thompson, mtu aliyekuwa akizunguka Marekani akishinda dau za ajabu ambazo karibu zote zilikuwa na hila ndani yake.

Poka ni mchezo wa kuficha. Kila mchezaji hupewa karata, nyingine zikiwa wazi, nyingine amezifunika, na katika kila hatua huamua kama ataongeza dau au atatupa karata zake na kukubali hasara. Mwenye karata mbovu aweza kushinda akiwatisha wenzake watupe zao. Kwa sababu hiyo si lazima mdanganyifu awe na karata nzuri. Anachohitaji ni kujua alichonacho mwenzake. Yatosha alama ndogo mgongoni mwa karata, mkwaruzo wa kucha au doa la wino lisiloonekana na asiyefundishwa. Yatosha pia mgawaji mwepesi wa vidole anayetoa karata ya pili badala ya ya juu, au kuibadilisha seti nzima kwa nyingine iliyopangwa tangu nyumbani.

Njia iliyo ngumu kuliko zote kuigundua haihitaji hata karata zenye alama. Wachezaji wawili au watatu hupatana kabla, kisha huketi kama wasiojuana. Mmoja akiwa na karata nzuri hutoa ishara, kwa kidole au kwa namna ya kushika sigara, na mwenzake huongeza dau ili kumnasa yule wa katikati anayedhani anashindana na watu tofauti. Mwishoni hugawana. Katika kasino yenye leseni wapo wasimamizi wanaotazama, na siku hizi kamera juu ya kila meza. Katika fleti ya kukodi ya mwaka 1928 aliyesimamia mchezo alikuwa aliyeuandaa.

Walicheza mchana na usiku. Rothstein alipoteza, akaongeza dau ili arudishe, akapoteza zaidi. Masimulizi mengi yanasema kwamba kufikia mwisho waliacha hata poka na kukata karata tu, mwenye kubwa akichukua yote. Alipoinuka, yapata Septemba 10, alikuwa ameandika hati za deni ambazo jumla yake ilikadiriwa kufikia dola 320,000, nyingi zikidaiwa na Raymond. Aliondoka akiahidi kulipa baada ya siku chache.

Siku zikawa wiki, na hakulipa. Aliwaambia watu wake kwamba mchezo ulipangwa. Wadai wake walisema kwamba hana fedha na anatafuta kisingizio. Huenda pande zote mbili zilisema kweli. Ni vigumu kuamini kwamba Titanic Thompson aliketi kwenye meza yenye fedha nyingi namna hiyo akacheza kwa haki, na ni hakika vilevile kwamba fedha za Rothstein zilikuwa zimekwama Queens.

Katika mji wenye sheria, mtu anayedai kwamba amelaghaiwa hupeleka madai yake mbele ya mamlaka, ushahidi ukapimwa. Rothstein hakuwa na mlango wa kubisha. Deni la kamari haramu halikuweza kudaiwa mahakamani, wala udanganyifu katika kamari haramu haukuweza kushtakiwa. Mahakimu aliowakopesha wasingeweza kumsaidia hapa. Kilichobaki ni sifa ya mtu, yaani anayeshindwa hulipa, na sheria hiyo isiyoandikwa yeye mwenyewe alikuwa ameisimamia bila huruma kwa karibu miaka 20 dhidi ya wadeni wake. Aidha, McManus ndiye aliyewaalika wachezaji, na kila siku iliyopita aliaibika yeye mbele ya wageni wake.

Jumapili usiku, Novemba 4, 1928, Rothstein aliitwa kwenye simu mgahawani Lindy's. Alipomaliza kuzungumza alisema kwamba McManus anataka kumwona, akamwachia mwenzake bastola yake, akatoka kwa miguu kuelekea hoteli ya Park Central. Muda si mrefu baadaye wafanyakazi wa hoteli walimkuta karibu na mlango wa watumishi akiwa ameshika tumbo. Risasi moja ilikuwa imempata. Bastola ilipatikana barabarani, ikionekana kutupwa kutoka dirishani. Hospitalini polisi walimwuliza mara nyingi ni nani aliyempiga, naye akakataa kutaja jina. Alifariki Novemba 6, siku ambayo Wamarekani walikuwa wakipiga kura. Alikuwa ameweka dau kubwa kwamba Herbert Hoover atashinda urais, na Hoover alishinda, lakini kwa desturi za kamari kifo cha mweka dau kilifuta madai yake. Lau angeishi, ushindi huo ungetosha kulipa deni la karata na chenji ikabaki.

Chumba namba 349 cha hoteli ile kilikuwa kimekodiwa na McManus kwa jina la uongo, na ndani yake lilikutwa koti zito lenye jina lake. Alijisalimisha baada ya majuma kadhaa. Kesi yake ilianza Novemba 1929. Mashahidi waliokuwa na kumbukumbu nzuri mbele ya polisi walisahau kila kitu walipopanda kizimbani. Wacheza kamari walieleza juu ya poka ile kama watu wanaosimulia tafrija ya kanisa. Mapema Desemba jaji aliagiza mshtakiwa aachiliwe kwa kukosekana ushahidi. Hakuna mwingine aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Mambo hayakukomea hapo, kwani marehemu alikuwa ameacha karatasi. Kabla hata hajazikwa, watu kadhaa wa New York walikuwa wakiuliza kwa wasiwasi ziko wapi faili zake. Maafisa wa serikali kuu walipozipekua walifuata nyayo za mtandao wa dawa za kulevya, na Desemba 1928 wakakamata shehena kubwa. Mkuu wa polisi wa jiji, Joseph Warren, alilazimika kujiuzulu mwezi huo huo kwa kushindwa kuitatua kesi. Mwaka uliofuata Fiorello La Guardia, aliyekuwa akiwania umeya, alitangaza kwamba Hakimu Albert Vitale alikuwa amekopa kwa Rothstein dola 19,940. Hakimu hakukanusha kupokea fedha hizo. La Guardia alishindwa vibaya katika uchaguzi ule, kwa maana wapigakura walimpenda meya wao mcheshi, Jimmy Walker. Lakini Vitale alivuliwa uhakimu mwaka 1930, na maswali yaliyoanzia kwenye mkopo wake yakachangia kuanzishwa kwa uchunguzi mpana ulioongozwa na Samuel Seabury juu ya mahakama, polisi na hatimaye ofisi ya meya. Walker alijiuzulu Septemba 1, 1932. La Guardia akachaguliwa mwaka 1933.

Kwa upande wa familia, palizuka ugomvi juu ya wosia aliotiwa mkono akiwa katika maumivu ya mwisho, akiweka alama ya msalaba badala ya jina, ambao ulimgawia sehemu ya mali mwanamke aliyekuwa naye siku za mwisho. Mawakili walibishana kwa miaka mingi. Mali iliyodhaniwa kuwa mamilioni ilizidi kuyeyuka kadiri ilivyohesabiwa, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilikuwa madeni ambayo hakuna mahakama ingeyatambua, na muongo mmoja baada ya kifo ndugu yake alitangaza kwamba imefilisika. Ile ardhi ya Queens, ambako inasimuliwa kwamba Rothstein alisimamisha safu za nyumba za mbao zisizo na misingi ili ionekane yenye thamani mbele ya wanunuzi, ilichukuliwa na jiji katika miaka ya 1930 kwa sababu ya kodi zilizokuwa hazijalipwa. Nyumba zile ziliondolewa, na mahali pake pakafanywa bustani ya umma, Juniper Valley Park, yenye viwanja ambako watoto hucheza besiboli hadi leo.